Ngome Mstari wa Tatu

Mume wangu Kang'ethe alikubaliana na mwanetu kwamba akishindwa chesi tutahama nyumba yetu ya mtaa wa Kimbo. Nilikuwa jikoni wakati wanakubaliana. Hakuna aliyeniuliza, ingawa mimi pia ningehama, lakini waliongea kwa upole bila kupandishiana sauti, nikaona afadhali nisiharibu.

Githinji ndiye kifungua mimba wetu. Anafanya kazi ofisi ya bima na anaishi mtaa wa Kahawa Sukari na mkewe Ndinda. Jina lake ni la babu yake, aliyemzaa Kang'ethe, kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo Kang'ethe humwita Baba tangu akiwa wa kunyonya. Desturi hiyo ina ugumu wake. Mzee akimwambia mwanawe, "Baba, sitaki," inasikika kama anaomba ruhusa.

Githinji hakuwa na ubaya. Mapema mwaka huo Kang'ethe alifungua gesi, akatoka kutafuta kiberiti, akakutana na kuku wangu njiani na akakaa kuwatazama. Nilirudi kutoka kanisani nikakuta nyumba inanuka na yeye yuko nje, ananieleza ni kuku yupi anawaonea wenzake. Baadaye kidogo alienda dukani kununua maziwa, akaonekana stejini, pale magari yanapopakia abiria, akiuliza gari la kiwanda limepita saa ngapi. Kiwanda hicho cha nguo, alikokuwa akifanya kazi, kilikuwa Thika, na kilifungwa zamani. Kondakta mmoja alimshika mkono akamleta mpaka getini. Alikuwa amembebea na maziwa. Sikupata kumjua jina.

Baada ya hapo Githinji alikuwa anapita kwetu kila jioni akitoka kazini, na foleni yote ile ya barabarani, aangalie gesi, asimame kidogo, aende kwake. Alianza kukonda. Akatutengenezea chumba cha chini nyumbani kwake, akaweka vyuma vya kushikilia bafuni, na akaongea na mlinzi wa geti kwamba mzee asiruhusiwe kutoka peke yake. Mtu aliyekufanyia hayo yote huwezi kumwita mbaya.

Lakini nyumba ya Kimbo Kang'ethe aliijenga kwa mikono yake. Anatoka kitandani mpaka mlangoni bila kugusa ukuta. Kahawa Sukari tulilala wakati wa Krismasi, na asubuhi nilimkuta amesimama kwenye korido, amevaa koti na kofia, anangoja kwa adabu mtu aje amwambie hapo ni kwa nani. Sikumwambia Githinji. Nilimshika mkono nikamwambia chai iko tayari, naye akanifuata kama mgeni.

Kwa hiyo siku ile walipozungumza, Kang'ethe alisema hivi: "Baba, kama akili yangu imeisha, niletee mtu anayejua chesi. Akinishinda, nitafunga sanduku mimi mwenyewe. Nikimshinda, usiniambie tena habari ya Kahawa Sukari."

Githinji alimtazama, kisha akasema sawa. Baadaye aliniambia alikubali kwa sababu aliona ni afadhali mzee ashindwe na mchezo kuliko kushindwa na mtoto wake. Hilo nalo niliona ni jema, hata kama lilikuwa linatuhamisha.

Chesi Kang'ethe alifundishwa kiwandani na fundi wa mitambo aliyeitwa Awiti. Walikuwa wanacheza saa ya chakula, ubao umewekwa juu ya bunda la kitambaa. Awiti alipostaafu akarudi kwao Siaya, Kang'ethe akabaki na ubao na hana mtu. Ndipo akanifundisha mimi. Sijawahi kumshinda hata siku moja, na kwa hiyo sehemu ninayoijua vizuri ni ya kujikinga.

Mwisho wa mchezo mara nyingi ubao hubaki karibu mtupu. Kila mmoja ana mfalme wake na ngome yake, ile inayokwenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando. Halafu mmoja ana askari wa ziada. Askari ni kipande kidogo kinachokwenda mbele tu, lakini kikifika mwisho wa ubao kinageuka malkia na mchezo unakuwa umeisha. Mimi ndiye niliyekuwa sina askari kila mara. Kang'ethe alinionyesha la kufanya, na alikuwa mwalimu mvumilivu.

"Mfalme wako akae mbele ya askari," alikuwa akiniambia. "Ngome yako iweke mstari wa tatu kutoka kwako. Mfalme wangu hawezi kuvuka mstari huo. Sasa usifanye kitu. Peleka ngome kulia, irudishe kushoto. Mimi nitahangaika. Siku nitakaposukuma askari aingie mstari huo wako, hapo sasa teremka na ngome mpaka mwisho wa upande wangu, unipigie mfalme kutoka nyuma. Nitakuwa sina pa kujificha, kwa sababu askari aliyekuwa ananikinga nimeshamtanguliza."

Ukiteremka mapema, unafungua mlango. Ukichelewa, mfalme ameingia. Mimi nilikuwa nachelewa. Nilikuwa naona kulia na kushoto ni kuzuri, sioni kwa nini niache.

Mtu aliyeletwa alikuwa Kilonzo, mjomba wa Ndinda, mwalimu wa hesabu aliyestaafu na ambaye sasa analima Ngoliba, mashariki ya Thika. Jumapili baada ya ibada huwafundisha vijana chesi mjini. Alifika Jumamosi moja ya mwezi wa tano, amevaa tai, na amebeba mfuko wa maembe makavu na kuku mmoja aliye hai. Kabla hajaketi aliingia jikoni kunisalimu, akafunga mlango nyuma yake kidogo.

Alikuwa ameambiwa ni mchezo wa kirafiki tu. Ukweli Ndinda alimwambia walipofika getini. Alitaka kugeuza hapo hapo, lakini Kang'ethe alikuwa ameshamwona na kumvulia kofia. Mkwe akivuliwa kofia hawezi kurudi nyuma. Sasa alitaka kujua mimi ninataka afanye nini.

Nilimwambia acheze kama anavyocheza.

"Hata nikimshinda, mama?"

"Hata ukimshinda. Ukimwachia atajua. Akijua, atahama kwa hasira, na hasira atahama nayo."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa yule kuku.

Tuliweka meza barazani. Kwetu mkwe hakalishwi kwenye jambo lolote akiwa na njaa, wala huwezi kumlisha umalize ndio mfanye jambo, kwa sababu akishakula ana ruhusa ya kwenda. Kwa hiyo walicheza huku Kilonzo akila. Githinji aliketi ukutani, simu ameizima. Mimi na Ndinda tuliketi mlangoni tukibambua minji, zile njegere mbichi, mahali ninapoweza kuona ubao bila kuonekana naangalia.

Mwanzoni Kang'ethe alicheza vizuri. Alikuwa na ule uso wake wa kazini. Shida ilikuwa chakula, mukimo wa viazi vya kuponda na supu yake. Mwenye nyumba huwa anaangalia sahani ya mgeni, na Kang'ethe amekuwa mwenye nyumba kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa mchezaji. Aliona supu ya Kilonzo imepungua, akageuka kuniita niongeze, akirudi akasogeza kipande kisichofaa. Kilonzo alikaa na kijiko mkononi, akatazama ubao, akanitazama mimi. Kisha akachukua askari.

"Pole, mzee," alisema akimeza.

"Chukua tu," Kang'ethe akamjibu. "Nani amempa mwalimu supu bila nyama?"

Vipande vikaendelea kwenda, chako kwa changu, mpaka ubao ukabaki karibu mtupu. Mfalme na ngome huku, mfalme na ngome kule, na yule askari mmoja wa Kilonzo, katikati. Nilijua ubao ule kama ninavyojua sufuria zangu.

Githinji hachezi chesi, lakini kuhesabu anajua. Aliona mgeni ana vitatu na baba yake ana viwili. Akamwinamia Ndinda akaanza kunong'ona kuhusu pikapu ya rafiki yake, kwamba Jumamosi inayofuata ina nafasi, na kitanda kikifunguliwa kitaingia. Ndinda aliendelea na minji yake.

"Ngoja wamalize kwanza," akasema.

Kang'ethe akaipeleka ngome mstari wa tatu. Nilishusha pumzi. Mfalme wake alikuwa ameshakaa mbele ya askari. Kilonzo akasogea hivi, Kang'ethe akapeleka ngome kulia. Kilonzo akasogea vile, ngome ikarudi kushoto. Kulia tena. Kushoto tena. Kilonzo alikuwa anazunguka na mfalme wake upande huu na upande ule akitafuta pa kupita, na Kang'ethe, baada ya kila zamu, alikuwa anafuta kidole chake kwenye suruali.

"Mwalimu, umepotea?" Kang'ethe alimuuliza. "Nyumba ni hii hii."

"Nimefika, nimebisha. Hamfungui."

"Tumelala."

"Na taa naiona inawaka."

"Hiyo tumeisahau tu."

Walicheka kidogo wote wawili, bila kuinua macho. Githinji hakucheka. Alikuja akachuchumaa kando yangu, na niliona macho yake yamekuwa mekundu.

"Mami, unamwona? Anarudia kitu kimoja. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ni kama akifunga geti, anarudi tena kuangalia kama amefunga." Akashusha sauti zaidi. "Tumsimamishe basi. Asiaibike hivi mbele ya wakwe."

Ningeweza kumweleza. Lakini barazani kwetu neno likisemwa mlangoni linasikika mezani, na kumweleza Githinji kwa nini baba yake anafanya vile kungekuwa kumwambia Kang'ethe afanye nini baadaye. Nilimwambia tu aketi, anazuia mwanga. Akaketi chini pale pale, mtu mzima na suruali yake ya ofisi, akachukua ganda la minji akalichana vipande vidogo vidogo.

Kilonzo alikuwa amesikia. Hakugeuka. Alisogeza mfalme wake kisha akasema, kama anayeongea na ubao, "Mwanangu, hapa mzee hajachanganyikiwa. Anayezunguka ni mimi."

Githinji akaacha kuchana ganda.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Juja. Kilonzo akatazama mbingu, akatazama ubao kwa muda mrefu, halafu akamsukuma askari wake mbele. Askari akaingia mstari wa tatu. Alimweka taratibu, akatoa mkono, akaegemea nyuma.

Kang'ethe akanyoosha mkono akashika ngome. Haikwenda kulia. Haikwenda kushoto. Mkono ulibaki pale juu yake, na uso wake ukabadilika. Ulikuwa ule uso wa korido ya Kahawa Sukari, wa mtu anayengoja kwa adabu aje mwenyeji. Akatazama baraza, akatazama kuku, akamtazama yule kuku mpya wa Ngoliba aliyefungwa kwenye nguzo. Kisha akanitazama mimi.

"Mama Githinji," akasema, "chai imeisha?"

Neno moja tu lingetosha. Teremka. Githinji asingeelewa. Ndinda angedhani nasema na kuku. Kilonzo angeelewa, na ninaamini angenyamaza. Lakini nilikuwa nimemwambia Kilonzo mwenyewe asimwachie, na mimi ni nani wa kumwachia. Tena ningekuwa nimemhamisha papo hapo, hata kama tungebaki Kimbo. Angekuwa mtu anayeishi kwake kwa kuambiwa.

Nikasema chai iko. Nikaenda nikaichukua, nikaweka kikombe upande wake wa kushoto, mbali na ubao, ili kisimzuie kuona. Nikarudi kwa minji yangu. Sikuangalia tena. Niliangalia bakuli na nikasikiliza.

Alikunywa. Akauliza Kilonzo kama huko Ngoliba mvua imefika. Kilonzo akasema imefika, si mbaya, mahindi yamefika magotini. Kang'ethe akasema ni vizuri. Akanywa tena. Halafu nikasikia mti ukikwaruza mti, mwendo mrefu, si ule mfupi wa kulia na kushoto. Nilipoinua macho, ngome ilikuwa imeteremka ubao mzima, iko mwisho kabisa, mgongoni kwa mfalme wa Kilonzo. Kang'ethe alikuwa anafuta kidole chake kwenye suruali.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sasa tumeamka."

Kilonzo alijaribu. Nataka isemwe hivyo, kwamba alijaribu. Alikimbiza mfalme wake huku, akapigwa kutoka nyuma. Akamkimbiza kule, akapigwa. Hapakuwa na pa kujificha, kwa sababu askari wake alikuwa ameshatangulia. Mwishowe akatabasamu, akaiweka ngome yake kando, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Sare, mzee. Asante sana."

Walipeana mikono. Githinji akasimama, akaligonga bakuli na minji ikamwagika.

"Sare ni nani ameshinda?"

"Hakuna," Kilonzo akamwambia.

"Sasa nani anahama?"

 Walipokubaliana walisema akishinda, na wakasema akishindwa. Hakuna aliyefikiria kitu kingine. Githinji, ambaye kazi yake ni kuandikia watu mikataba ya bima na kufikiria kila kinachoweza kutokea, alionekana ameudhika hasa na hilo. Ndinda alisema labda mzee ahamie nusu, akae wiki huku na wiki kule. Kang'ethe akasema mtu si mbolea ya kugawanywa kwenye mashamba mawili. Nikaona yataanza kupanda sauti. Ndipo Kang'ethe akamwita mwanawe akae karibu naye.

"Baba, sikusema nimeshinda. Kushinda nadhani sitashinda tena, na najua. Ile gesi niliiacha mimi. Ile siku ya stejini ninaikumbuka, na sijui nilikuwa nataka nini." Akasita, kama anayetafuta pa kuweka mguu. "Lakini kuzuia bado naweza. Niache nizuie nikiwa kwangu. Siku nikishindwa hata kuzuia, mtanichukua, na sitawasumbua."

 Githinji aliokota minji iliyomwagika, moja moja, akairudisha kwenye bakuli. Ndinda akainuka bila kuombwa, akauchomoa mtungi wa gesi kule jikoni akauhamishia stoo, akafunga mlango, akanipa mimi ufunguo. Alisema kuanzia Jumatatu Gathoni wa duka atatuletea maziwa mlangoni, atampigia simu jioni hiyo hiyo. Hakusema ni kwa sababu ya nani. Alisema barabara ina vumbi.

Kilonzo alikuwa anavaa koti. Mvua ilikuwa karibu na alikuwa na safari. Alisema kwa taratibu za chesi mambo yako wazi, sare hurudiwa, na kwa kuwa jambo lilikubaliwa liamuliwe na mchezo, basi haliwezi kuamuliwa mpaka wacheze tena. Hadi hapo kila mtu akae alipo. Githinji akafikiri, akaona hilo ni la haki. Akauliza lini.

"Hapo kuna shida kidogo," Kilonzo akasema. "Sasa hivi nina palizi."

Tukamsindikiza mpaka getini, Kang'ethe akiwa na kofia mkononi.

Mwezi wa sita Githinji alimpigia simu. Alikuwa bado ana palizi. Mwezi wa nane alikuwa anavuna, na mtu anayevuna hawezi kuitwa kucheza. Mvua za vuli zilipokuja alikuwa anapanda. Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na ubatizo, halafu mbuzi wake aliugua, na kwa jinsi alivyoeleza ugonjwa huo ulikuwa wa kukaa naye karibu. Kila mara alimsalimu mzee, akauliza kama anafanya mazoezi. Mzee alikuwa anafanya. Alasiri tunaweka ubao barazani, na siku nyingine ananishinda haraka, siku nyingine anasimama katikati ya mchezo aniulize sisi ni weupe au weusi. Namwambia, tunaendelea.

Githinji anakuja Jumamosi sasa, si kila jioni. Amenenepa kidogo. Jumamosi moja ya mwezi wa pili alikuwa ameketi nami mlangoni, Kang'ethe amelala kwenye kiti chake na kofia usoni, akasema ngoja aulize tena, maana jambo likikaa sana linaharibika. Akampigia Kilonzo na kuweka simu kwenye spika ili nami nimsalimu. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kisha Githinji akamuuliza, kwa heshima, kama sasa ana nafasi ya kuja kucheza.

Kilonzo alikohoa. "Ningekuja, mwanangu," akasema. "Lakini nimeshikwa na palizi."

Githinji aliitazama simu mkononi. Ngoliba anaijua, ndiko alikooa. Mwezi wa pili huko shambani hakuna kitu cha kupalilia, kuna vumbi na mbuzi. Alimtazama baba yake pale kwenye kiti, akamtazama kwa muda.

"Sawa, mjomba," akasema. "Maliza palizi kwanza."